Madalali wa Dar, hizo "hatua 20 kwa 20" na "hati ya serikali ya mtaa" mtaacha lini?

Wakuu, matangazo ya viwanja Dar sasa hivi yote kama yameandikwa na mkono mmoja. Goba, Chanika, Kivule, Kibamba, Kigamboni, maneno ni yale yale: "Hatua 20 kwa 20, hati ya serikali ya mtaa ipo, umeme na maji vipo, dakika 5 toka lami, bei maelewano." Anayewindwa hapo ni mtu anayenunua kwa mara ya kwanza, kakopa kazini au kapata mafao, na hati hajawahi kuishika. Huyo ndiye analizwa kila siku, halafu anaambiwa hakuwa makini.

Tuanze na hatua. Hatua ya nani? Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hatua 20 ni mita 15, kwa hiyo hiyo "20 kwa 20" ni mita za mraba 225, siyo 400. Kama bei ni milioni 20, ulidhani mita moja ya mraba inakugharimu 50,000, kumbe ni karibu 89,000. Na dalali anajua, ndiyo maana akihesabu mbele yako anatembea kama amevaa kanga ya kubana. Nenda na tepu ya mita 50. Pima pande zote nne, kisha pima kona kwa kona mara mbili. Eneo la mita 15 kwa 15 lililonyooka litakupa mita 21.2 kote kuwili. Ukipata 23.2 huku na 19 kule, eneo limepinda na ramani ya nyumba uliyochorewa haitakaa. Uliza pia njia ni ya upana gani na inatoka kwenye ardhi ya nani, kwa sababu mara nyingi inakuja kumegwa kwako ukishalipa.

Sasa hiyo "hati ya serikali ya mtaa". Hakuna kitu kama hicho. Serikali ya mtaa haitoi hati. Mnachouza ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti, inayoonyesha kwamba watu wawili walikaa ofisini kwake wakapeana hela. Haithibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye eneo. Hati miliki iko chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na ina muda wake, miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya maeneo ambayo hayajapimwa, ni ya muda mfupi na inahuishwa. Ofa, yaani barua ya toleo, ni njia ya kuelekea kwenye hati, na wakazi wa jiji hili wanajua kiwanja kimoja kinaweza kuwa na ofa mbili. Umiliki wa namna tatu, thamani tatu tofauti, ninyi mnaweka bei moja.

Ukiambiwa hati ipo, usikubali picha ya WhatsApp. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama iko rehani benki na kama kuna zuio. Kama eneo halijapimwa, Msajili hana cha kukuonyesha. Hapo mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa achukue kodineti (namba zinazoonyesha mahali hasa) za kona zote, uende nazo mipango miji ya halmashauri husika uulize eneo limepangiwa nini. Shule? Makaburi? Hifadhi ya barabara? Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inachukua mita 30 toka katikati ya barabara kila upande. "Dakika 5 toka lami" ni sifa mpaka siku nyumba inapigwa X nyekundu ya kubomolewa. Kimara kwenda Kiluvya mwaka 2017 watu walivunjiwa, na kule hifadhi ilizidi sana hizo mita 30. Mto nao una mita zake 60 kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Na eneo kaliangalie masika, mwezi wa nne. Kiangazi kila bonde ni tambarare.

Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi. "Mama anajua" siyo ridhaa. Eneo la marehemu linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha familia hautoshi, hata ukiwa na sahihi za ukoo mzima.

Hela ndiyo inanichefua zaidi. Dalali anaweka cha juu kwenye bei ya muuzaji na bado anadai kamisheni kwa mnunuzi. Mwenyekiti anataka asilimia 10. Asilimia 10 ya sheria ipi? Malipo halali ya serikali yana kontroo namba, ile namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Mkataba aandike wakili, hela ipite benki. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, lakini utasikia muuzaji "anataka yake kamili mkononi". Basi ipunguzwe kwenye bei. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ndio wako. Kuna na ule ujanja wa "tuandike milioni 12 kwenye mkataba" ili kodi ipungue. Mthamini wa serikali atathamini kivyake, na dili likivunjika mahakamani utadai hizo 12, siyo 20 ulizotoa. Risiti za kodi ya pango la ardhi nazo zidai, deni la nyuma litakukuta wewe.

Kwa wanaonunua pagale, kwaruza tofali kwa msumari. Likimwagika kama unga, mfuko wa saruji wa kutoa tofali 25 hadi 30 za inchi 6 umetolewa 45. Nondo zilizoachwa wazi juu ya linta miaka minne zinabanduka magamba, hizo zitakatwa, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Dalali mwenye tangazo, weka hapa chini upana na urefu kwa mita, namba ya kiwanja na kitalu, aina ya umiliki, na nani analipa kodi gani. Picha ya machweo juu ya pagale baki nayo.