Naombeni ushauri: Krismasi yetu ya kwanza kwenye theluji, tunasafiri na watoto

Mama Neema (mwanzisha uzi)

Habari za humu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Tumetoka Morogoro mwezi wa saba, sasa tupo Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Watoto ni wawili, Neema wa miaka sita na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Wiki iliyopita nilifungua mlango nimpeleke Neema kituo cha basi la shule, simu ikasema nyuzi 19 chini ya sifuri. Pumzi iliniganda puani. Sijawahi kuiogopa hewa maishani mwangu mpaka siku hiyo.

Wifi yangu yupo Chicago, ametualika Krismasi. Tumepanga kuondoka tarehe 23 jioni baba Neema akitoka kazini, tuendeshe usiku, ni kama kilomita 650. Gari ni Corolla ya siku nyingi, na asubuhi linawaka kwa kubembelezwa. Naomba mniambie tubebe nini, watoto niwavalishe vipi ndani ya gari, na nyumba tukiifunga siku tano niiacheje. Nikizima hita si nitaokoa pesa?

Halafu Jumapili kabla ya safari tumealika Watanzania wenzetu kwa nyama choma. Nje hakukaliki, kwa hiyo jiko la mkaa litakaa gereji, mlango tutauacha wazi kidogo moshi utoke. Mwenye njia ya kuzuia harufu isiingie ndani aniambie.

Nesi wa Columbus

Mdogo wangu, nilianza kukujibu habari ya makoti, nikafika kwenye gereji nikafuta yote. Tafadhali msiwashe mkaa humo.

Najua mnavyofikiri, maana nimekulia Makambako. Kwetu jiko linawashwa nje, likishakolea na moshi umekwisha ndipo linaingizwa ndani watu waote. Tunaamini moshi ndio mbaya. Kumbe mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni mafua au uchovu, analala. Akishalala hana wa kumwamsha, kwa sababu walio chumba cha pili nao wamelala.

Hata nyumbani watu wamefia kwenye vyumba vyenye jiko, na nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya madirisha. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwa baridi, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wakawasha magari gereji wapate joto. Mamia waliishia hospitali, na wapo waliokufa.

Mama Neema

Dada asante, umenitetemesha. Na tukifungua mlango wa gereji wote kabisa?

Nesi wa Columbus

Hapana, hata ukiwa wazi wote. Hewa ya gereji inapita mlango wa ndani na nyufa za ukuta. Baba Neema avae vizuri, asimamie jiko nje kabisa, mbali na milango na madirisha, nyama iletwe ndani ikiwa imeiva. Au tumieni oveni, moto wa juu. Ukiipaka limau, kitunguu saumu na chumvi, wageni watakula na kuomba nyingine.

Na leo hii angalia kama kuna king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Sheria ya Minnesota inataka kiwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani, pigeni 911, namba ya dharura.

Dereva wa Masafa

Naendesha lori, hiyo barabara kuu ya I-94 ya Eau Claire, Tomah mpaka Madison naijua kwa magurudumu. Shemeji, usiku baada ya kazi usiende. Mtu amechoka, na barabara ina barafu nyembamba inayofanana na lami iliyolowa. Huioni mpaka gari limekuponyoka. Ondokeni asubuhi, na muda wote msitumie kile kitufe cha kushikilia spidi.

Betri ipimwe wiki hii, maduka mengi ya vipuri hupima bure. Baridi kali inainyang'anya nguvu nyingi, na inayosumbua leo itakufia njiani. Maji ya waipa mwagieni mbali kama ni ya bomba, yataganda. Nunueni ya msimu wa baridi. Tangi lisishuke chini ya nusu. Nyuma kuwe na mablanketi, sepeto, tochi, waya za kubusti, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi, chakula na maji ya watoto.

Mkikwama kwenye dhoruba, kaeni ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini, baba ashuke aondoe theluji kwenye bomba la moshi, maana likizibwa ile ile sumu aliyoisema dada inarudi kwenye viti. Washeni kama dakika 10 kila saa, dirisha moja liachwe upenyo. Krismasi ya 2022 Buffalo na vitongoji vyake walikufa watu zaidi ya 40, baadhi ndani ya magari yao. Wengi walikuwa na sehemu ya kufika, kama ninyi. Mkipita jimbo la Wisconsin pigeni 511 mjue hali ya barabara. Wakisema msisafiri, mpigieni wifi mumwambie pilau lisubiri.

Baba Furaha, Des Moines

Karibuni, sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huu ni mwaka wa sita. Mtoto asifungwe kwenye kiti cha gari akiwa na koti nene. Gari likigonga, koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mvue koti, kaza mkanda, kisha mfunike kwa juu.

Hita usizime. Mwaka wetu wa pili tulizima tukaenda kwa ndugu siku nne, bomba likaganda na kupasuka, tukakuta dari imeanguka juu ya kitanda. Acha nyuzi 55 za Fahrenheit (kama 13 za Selsiasi) au zaidi, fungua milango ya kabati la sinki, na mtu apite kuangalia.

Mwana wa Mombasa, Toronto

Mie naongeza moja tu. Kidole kikifa ganzi na kuwa cheupe, usikisugue wala usikisogeze motoni. Maji ya uvuguvugu.

Mama Neema

Mungu awabariki. Baba Neema amesoma yote. Ameomba ruhusa tuondoke tarehe 23 asubuhi, na jiko litakaa uani.

Dada nesi, nimepanda kiti nikabonyeza kile kidude cha ukutani karibu na chumba cha watoto. Kimya. Nimekifungua, hakina hata betri. Nimemwandikia mwenye nyumba, na baba Neema ametoka sasa hivi kwenda kununua kingine, hatumsubiri.

Nesi wa Columbus

Kikifika kibonyezeni kwanza, mkisikie kinalia, ndipo watoto walale.