Ganda jepesi na kiini kilichopauka: naomba ushauri kuhusu mitetea wangu 14

Mama Vifaranga (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafuga mitetea 14 nyuma ya nyumba, na kwa mwezi mmoja sasa mayai yao yananitia wasiwasi. Ganda limekuwa jepesi kiasi kwamba nikiliokota yai kiotani kwa vidole viwili, kidole gumba huacha ufa. Juzi nimekuta moja halina ganda kabisa, ni utando mtupu unaobonyea. Nikilipasua yai sahanini, kiini kimepauka, hakina ile rangi niliyoizoea. Kumi kati ya kuku hawa wana umri wa mwaka mmoja hivi, na wanne wamevuka miaka miwili. Nawapa chakula cha kuku wa mayai nikikichanganya na pumba nusu kwa nusu ili kidumu, na kila asubuhi nanyunyizia chokaa ya mifugo ya unga. Wanashinda ndani ya banda. Nimekosea wapi?

Mzee wa Kiota

Pole sana, Mama Vifaranga. Nianze na pumba, kwa sababu hapo ndipo penye shida kubwa. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na ganda moja hubeba takribani gramu 2 za kalsiamu. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu ya kati ya asilimia 3.5 na 4.5, na mtetea mmoja hula kama gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo hupata gramu 4 na ushei, ambazo mwili wake huzifyonza nusu hivi tu. Ukikichanganya chakula hicho nusu kwa nusu na pumba, ambayo haina kalsiamu ya kutajika, umempunguzia kuku nusu ya alichohitaji, naye hulazimika kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Siku za mwanzo huoni kitu. Mwezi ukipita, unaona kidoleni.

Jambo la pili ni saa. Yai hukaa ndani ya mfuko unaotengeneza ganda kwa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa amelala na hali chochote. Chokaa ya unga unayonyunyizia asubuhi hupita tumboni haraka, na giza linapoingia imebaki kidogo. Tafuta maganda ya chaza yaliyopondwa, au mawe ya chokaa yenye chembe za ukubwa wa punje ya mtama, kwa kuwa chembe hizo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Ziweke kwenye chombo chao cha peke yake, hasa alasiri, wala usizichanganye na chakula. Mtetea anayetaga huzifuata mwenyewe kwa kadiri anavyohitaji. Makaka ya mayai nayo yanafaa, mradi uyakaushe motoni na kuyaponda hadi yasifanane tena na yai, kuku wasije wakajifunza kula mayai yao.

Bandani

Nakubaliana na Mzee wa Kiota, ila naomba niongeze habari ya jua na joto. Kalsiamu haifyonzwi ipasavyo bila vitamini D3, na kuku anayeshinda bandani huitegemea ile iliyomo kwenye chakula tu, ambayo nayo umeipunguza kwa pumba. Watoe nje walau saa chache. Joto kali pia hulainisha ganda: kuku anayehema kwa mdomo wazi hupoteza kabonidioksidi nyingi, na damu yake hubaki na upungufu wa kile kinachoungana na kalsiamu kutengeneza ganda. Kivuli na maji baridi muda wote ni lazima.

Kuhusu kiini, rangi yake hutokana na kile anachokula kuku, yaani majani mabichi na mahindi ya njano. Pumba na mahindi meupe hayana rangi hiyo. Funga fungu la majani na ulining'inize usawa wa kichwa cha kuku, wayadonoe bila kuyakanyaga. Usizidishe mchicha, kwa maana asidi iliyomo hushikana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe. Subiri pia, kwani kiini hujengwa tabaka kwa tabaka kwa siku kama 10, hivyo usitegemee mabadiliko kesho. Tena kiini kilichopauka si lazima kiwe duni kwa lishe. Rangi hueleza zaidi aina ya chakula.

Tembe Jeusi

Dada, yatazame maganda yenyewe kwa makini. Yakiwa na mikunjo, ute ukawa majimaji, na kuku wakawa wanakohoa au kupiga chafya, huenda ni mkamba wa kuambukiza, na hapo chokaa haitasaidia. Mwite daktari wa mifugo. Na kama una vifaranga pamoja nao, watenge, kwani kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Mama Vifaranga

Ahsanteni sana. Maganda hayana mikunjo na hakuna anayekohoa. Wiki tatu zimepita tangu niache pumba na kuweka maganda ya chaza kila saa kumi jioni. Mayai ya wale kumi sasa nayagonga ukingoni mwa bakuli mara mbili ndipo yapasuke, na kiini kimeanza kukolea. Hata hivyo wale wanne wakubwa bado wanataga mayai makubwa yenye ganda jembamba. Niwaongezee nini?

Mzee wa Kiota

Hakuna cha kuwaongezea zaidi ya hicho. Kuku akizeeka yai lake hukua, lakini kalsiamu anayolifunikia haiongezeki, hivyo ganda husambaa na kuwa jembamba. Waachie chombo cha chaza, okota mayai yao mara mbili au tatu kwa siku kabla hayajakanyagwa, weka nyasi kavu za kutosha kiotani, na yenye ufa usiyaweke akiba.