Kijana ameniuliza kuhusu Biblia ya watumwa. Nimjibuje bila kumficha?

Mtafuta Nuru (mleta uzi):
Wakuu, salamu kwenu. Naomba ushauri, jambo hili limeninyima usingizi.

Nafundisha vijana Biblia kanisani, huu ni mwaka wa sita. Wiki mbili zilizopita kijana wa miaka 17 aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, ni kweli iliwahi kuchapwa Biblia iliyokatwakatwa ili watumwa wasiasi?" Nikamwambia nitamjibu. Nimeenda kusoma, nimekuta ni kweli. Ilichapwa London mwaka 1807, kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Waingereza. Yusufu kuuzwa Misri kumo. Musa kuwatoa Waisraeli Misri hakumo. Agizo la Paulo kwamba watumwa wawatii mabwana zao limebakizwa. Wagalatia 3:28, panaposema hapana mtumwa wala huru, pametolewa.

Yaani mtu aliketi na kitabu hikihiki ninachokishika kila Jumapili, akachagua kipi waliofungwa minyororo wasikisikie. Imani yangu bado ipo, lakini imepata jeraha. Wazee wawili wamenishauri ninyamaze. Ninyi mnaonaje?

Msomaji Kongwe:
Mkuu, usinyamaze. Kijana huyo tayari anajua nusu. Nusu ya pili akiipata kwa mwingine, atajua ulimficha.

Ila mpanulie picha: wenye madaraka wameitumia dini mahali pengi. Watawala wa ukoo wa Zhou huko China, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristo, walidai kwamba Mbingu ndiyo iliyowakabidhi madaraka. Henry wa Nane wa Uingereza, Papa alipokataa kubatilisha ndoa yake, bunge likamtangaza yeye kuwa mkuu wa Kanisa mwaka 1534, na muda si mrefu mali za nyumba za watawa zikaingia mikononi mwake. Na vile vyeti vya rehema, vilivyouzwa kama msamaha wa adhabu ya dhambi, alivyovipinga mtawa Mjerumani Martin Luther mwaka 1517: sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, sehemu ikalipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Maskini aliyetoa sarafu yake alidhani anamwokoa marehemu mama yake.

Mfundishe kuuliza fedha inakwenda wapi, na nani anazuiwa kusoma.

Ummu Yasir:
Ndugu yangu, mimi ni Mwislamu, na hata kwetu yapo. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliwataka makadhi na wanazuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa, si ya milele. Wengi walikubali kwa hofu. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na chini ya al-Mu'tasim, khalifa aliyefuata, akapigwa mijeledi. Hakubadili kauli. Shinikizo hilo lilikuja kukomeshwa wakati wa al-Mutawakkil.

Angalia mambo mawili hapo. Mtawala alitaka awe na ufunguo wa itikadi za watu, na aliyemzuia alikuwa mtu wa dini, si askari. Kwangu mimi hilo ndilo linalonishikilia.

Niliyetoka:
Mimi niliacha dini miaka mingi sasa, sitakuvuta. Naomba kitu kimoja tu: usimwambie kijana kwamba waliofanya hayo hawakuwa waumini wa kweli. Ni jibu jepesi mno. Shamba la Codrington kule Barbados lilimilikiwa na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lenyewe, na watumwa wake walichomwa chuma cha moto kifuani, alama ya neno "Society", yaani Shirika. Waliolimiliki walikuwa watu wa Kanisa. Kanisa liliomba radhi mwaka 2006.

Kijana akijua hayo kisha akaamua kubaki, atakuwa amebaki kwa macho mawili.

Mtafuta Nuru:
Niliyetoka, hilo la chuma cha moto sikulijua. Nimelisoma nikaweka simu chini. Asante, japo limeniuma.

Mwalimu wa Historia:
Mleta uzi, mpe pia Jamaica. Samuel Sharpe alikuwa mtumwa na shemasi wa Kibaptisti, anajua kusoma. Aliisoma Biblia mwenyewe. Akawaambia watumwa wenzake kuwa hakuna anayeweza kumtumikia Mungu na bwana wa watumwa kwa pamoja. Siku chache baada ya Krismasi ya 1831 makumi ya maelfu waligoma kufanya kazi, mgomo ukageuka uasi. Mamia waliuawa, naye akanyongwa Mei 1832. Mwaka 1833 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa.

Ndiyo maana nasema yule aliyekata kurasa mwaka 1807 alikielewa kitabu vizuri kabisa. Aliogopa palepale pa kuogopwa.

Mtafuta Nuru:
Nimeamua. Jumamosi hii nitawasomea vijana kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Mungu anapomtuma Musa kuwatoa Waisraeli Misri, kisha niwaambie kuna watu walinyimwa sura hii na nani aliwanyima. Codrington nitaitaja kwa jina. Baada ya hapo nitamwachia kijana nafasi aulize, hata kama sina jibu.

Wazee nimeshawapigia kuwajulisha. Mmoja amesema atakuja kusikiliza.