Filta ya oili ya IST: ya Toyota yenyewe, ya kampuni nyingine, au ya bei chee?

Rangi3_Kuu
Wakuu, za jioni. Nina IST injini 1NZ, kila siku Mbagala–Posta na kurudi. Jumamosi namwaga oili. Leo nimepita Gerezani, muuzaji kanipangia filta tatu mezani: ya Toyota yenyewe, ya kampuni nyingine ya Kijapani bei karibu nusu, na moja haina jina la maana, bei yake sahani ya chipsi mayai. Anasema "zote zinafunga tu, kaka." Nichukue ipi? Halafu fundi wangu ana mtindo wa kumwaga oili mara mbili ndo anabadilisha filta. Ni sawa?

Fundi Mkimya
Kufunga zinafunga. Hata kofia ya jirani itakuenea kichwani.

Igeuze filta uitazame mdomoni. Kuna tundu kubwa la katikati lenye nyuzi, na vitundu vidogo vinalizunguka. Oili inaingia kwa vile vidogo, inachujwa kwenye karatasi, inatokea katikati. Sasa chungulia kwenye vitundu: utaona mpira umeviziba kwa ndani. Kazi yake ni kuzuia oili isishuke yote kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukizima gari. Chukua njiti ya kiberiti uubonyeze taratibu. Mpira mzuri unalegea kisha unarudi mahali pake. Ule wa bei chee nimeshaukuta mgumu kama kandambili ya zamani ikiwa bado mpya kwenye boksi.

Mpira ukikakamaa, oili inashuka usiku kucha. Asubuhi ukiwasha unasikia kra-kra-kra sekunde mbili tatu. 1NZ ni ya cheni, na kitu kinachoikaza ile cheni kinategemea presha ya oili; presha ikichelewa, cheni inacheza.

Kuhusu fundi wako: 1NZ inakula lita 3.7 ukibadilisha filta, 3.4 usipobadilisha. Hiyo tofauti ni oili chafu unayoiacha ndani ichanganyike na mpya uliyolipia. Tena karatasi ikiziba, kuna valvu inafunguka ili oili ipite bila kuchujwa, maana injini heri ipate chafu kuliko ikose kabisa. Hakuna taa itakayokuambia hilo.

mama_Raum
Mimi natetea ile ya katikati. Mwaka wa nne naitumia kwenye Raum, injini hiyohiyo 1NZ, haijanisumbua. Hela inayobaki naiweka kwenye oili, namwaga kila kilomita 5,000 bila kuongeza hata mia. Kaka, wewe uko Barabara ya Kilwa. Ukikaa kwenye foleni saa nzima dashibodi inahesabu kilomita mbili, injini imefanya kazi saa nzima. Filta ya Toyota ukaiacha mpaka 10,000 kwa mizunguko hiyo, bora yangu.

Kibosile
Nyote mmesahau kuwa boksi la Toyota si lazima liwe na filta ya Toyota. Hapa mjini boksi linaweza kuwa halali kuliko kilichomo. Kama huna duka unaloliamini, mama_Raum yuko sahihi: bora ya katikati ya kweli. Na dukani usiseme "ya IST", zipo IST za 1.8 zenye injini nyingine, 2ZR. Taja namba, 90915-YZZE1, wakupe hiyo au inayolingana nayo.

Kigamboni_Ferry
Wenye filta za karatasi tupu, zile zinazokaa ndani ya kifuniko chake, msijione salama. Filta yangu ilikuwa nzuri kabisa, fundi akarudishia oringi kuukuu, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, na ile mpya akaisahau kwenye boksi. Nimefika kivukoni nyuma yangu kuna mstari wa oili kama konokono kapita. Oringi mpya kila mara, mkiiona kwa macho.

Rangi3_Kuu
Pole mkuu. Fundi Mkimya, na kukaza je? Wangu anakaza kwa mnyororo mpaka anatoa sauti.

Fundi Mkimya
Mnyororo ni wa kufungulia. Paka oili mpya kwenye mpira wa mdomoni, zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Kabla ya hapo pitisha kidole kwenye bloku, pale kwenye injini filta inapokaa. Mpira wa filta ya zamani huwa unanata pale. Ukifunga mpya juu yake, mipira miwili itakaa vizuri gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta oili yote chini. Ukimaliza washa, chungulia uvunguni, zima, subiri dakika tano, ndipo uchomoe stiki upime.

Rangi3_Kuu
Mrejesho. Nimechukua ya katikati, njiti nimeibonyeza palepale dukani, muuzaji ananitazama kama mganga. Filta ya zamani ilipotoka haina mpira. Fundi ameshashika mpya anataka kuifunga, nikamwambia subiri. Kidole kwenye bloku, huo hapo, umenata kama bigijii. Leo alfajiri nimewasha, kra-kra imelia mara moja tu ikakata. Kesho nasikiliza tena.

mama_Raum
Njiti umemwachia muuzaji? Ataanza kuikodisha.