Msimu wa AFL 2016, Bulldogs walipobeba kombe: tuliokuwa Australia tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Mliokuwa Australia mwaka 2016 njooni tusimuliane. Katika AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, Western Bulldogs walimaliza msimu wa kawaida nafasi ya 7, wakaingia mtoano na kubeba kombe; kabla yao hakuna timu iliyowahi kulibeba kutokea huko. Naanza mimi.

Naishi Footscray, mtaa wa Melbourne, nyumbani kwa Bulldogs. Kombe lao la mwisho lilikuwa la 1954. Mzee jirani yangu alikuwa mtoto. Siku ya fainali, 1 Oktoba, alinikaribisha kwake tuangalie pamoja, huku akinielekeza: mpira ukipigwa ukapita kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni 1. Robo ya mwisho Tom Boyd alipiga kutoka mbali sana, mpira ukadunda, ukadunda, ukaingia. Mzee alisimama na hakukaa tena. 89 kwa 67 dhidi ya Sydney Swans! Baadaye kocha Luke Beveridge akamwita jukwaani nahodha Bob Murphy, ambaye goti lilimweka nje tangu mapema msimu ule, akamvika medali yake mwenyewe. Tulilia wote wawili.

Wa Perth: Mkuu, sisi wa West Coast Eagles tulikuwa wa kwanza kuonja kipigo chao kwenye mtoano. Walitufuata hukuhuku Subiaco wakatupiga kwa tofauti ya pointi 47. Kesho yake kazini hakuna aliyetaka kuongea mpira. Walipowatoa na Hawthorn, mabingwa wa miaka mitatu mfululizo, nikajua hawa hawabahatishi.

Mtoto wa Kakuma: Mimi nilikuwa Swans, na sababu ni Aliir Aliir. Alizaliwa Kakuma, kambi niliyokulia. Kule tulicheza soka kwenye vumbi, mchezo huu hata hatukuujua. Mwaka ule ndipo alipoanza kucheza AFL, na kila aliporuka kudaka mpira juu ya vichwa vya watu nilikuwa napiga kelele peke yangu sebuleni. Kisha goti likamkosesha fainali. Matokeo yaliniuma, lakini kumkosa yeye uwanjani siku ile kuliniuma zaidi.

Mwanzisha mada: Pole sana ndugu yangu, hilo hata mimi lingeniuma. Kuna aliyekuwa Whitten Oval, uwanja wa Bulldogs hapa Footscray, kesho yake ya fainali, timu ilipoleta kombe kwa mashabiki? Mimi nilikuwa zamu. Aliyekuwepo atusimulie.