Nimekwama na matamshi ya Kiesperanto, rekodi nzuri zapatikana wapi?

Mwana wa Kisauni: Salaam jamani. Mwezi wa tatu sasa najifunza Kiesperanto, ile lugha ya kutungwa, kwa kitabu tu. Kusoma nasoma, shida mdomo. Juzi kwenye feri ya Likoni najisomea kwa sauti "jaro", yaani mwaka, kwa j ya jana. Usiku mtu akaniambia ni "yaro". Neno la kurasa za mwanzo kabisa! Nataka sauti ya mtu, si ya mashine, na isinimalizie bando.

Bi Makadara: Pole mwanangu. Usianze na redio za Kiesperanto, zitakuacha mbali. Ingia lernu.net, bure, ipo tangu 2002, ina hadithi zenye sauti. Neno moja likikusumbua, lisake Forvo, tovuti ya maneno yaliyorekodiwa na watu. Lakini usishike msemaji mmoja, Mfaransa na Mbrazili r zao hazifanani.

Mpita Njia: Lugha iliyotungwa na daktari wa macho wa Warsaw 1887 yakusaidia nini? Soma Kijerumani upate viza.

Bi Makadara: Kongamano lao la dunia la 2024 lilikuwa Arusha, kaka. Viza ya nini?

Fundi Redio: Kijana, nusu ya kazi umezaliwa nayo. Irabu ni tano zetu hizi hizi, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. "Radio" yao yakaza kwenye di kama redio yetu. Ĉ ni ch, ŝ ni sh, ĝ ndiyo j yetu. Hata ĥ, msikize mzee wa Mji wa Kale akisema kheri.

Kinachotuumbua ni konsonanti zilizobanana. "Knabo", mvulana, sisi twasema "kinabo" bila kujijua. Na "scii", kujua: c yao ni ts, kwa hivyo ni s-tsi-i. Nilikaa nayo wiki nzima, mke wangu akadhani nina mafua.

Dawa yangu ilikuwa tovuti ya Tatoeba. Sentensi fupi fupi, baadhi zimerekodiwa na watu. Pakua chache ukipata waifai, sikiza moja, jirekodi kwa simu, kisha zisikize zote mbili moja baada ya nyingine. Aibu utaiona.

Mwana wa Kisauni: Ahsanteni. Nimejirekodi "knabo" mara sita. Zote kinabo. Ya saba kidogo imekaribia, nadhani kwa sababu nilikuwa nanong'ona, watoto wamelala.

Fundi Redio: Hiyo ya kunong'ona ishike.