Bentley Continental GT: raha yake nini, na Arusha–Moshi itahimili?

Kijana_wa_Njiro: Wakuu, haya magari ya kifahari ya Bentley, Continental GT za 2003–2010, zimeshuka bei sana. Watu wanazipendea nini kuliko gari la michezo la Porsche 911? Na huku kwetu je?

Spana19: Mkuu, 911 ni ya kukata kona, hii ni ya kula kilomita. Injini ni W12 (silinda 12) ya lita 6.0, turbo mbili, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 650 zote zinapatikana kuanzia mizunguko 1,600 hivi kwa dakika. Unapita lori bila injini kupiga kelele. Arusha tuko karibu mita 1,400, hewa nyepesi; injini isiyo na turbo inapungua nguvu, kwa hii upungufu huo unauhisi kidogo sana, turbo zinasukuma hewa ndani. Lakini ina uzito wa zaidi ya tani 2.3, breki na matairi yanalika.

Fundi_Tengeru: Kinachotesa ni springi za upepo, yaani mifuko ya hewa inayobeba gari. Ukikuta asubuhi kona moja ya gari imezama, pulizia maji ya sabuni kwenye mfuko na maungio ya paipu. Penye povu ndipo panavuja. Ukipuuza, kompresa (pampu ya hewa) inahangaika kujaza mpaka inaungua. Usibadili kompresa kabla ya kuziba uvujaji, utaua na mpya. Ukibadili, weka na rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Na kabla ya kupiga jeki weka mfumo kwenye hali ya jeki, usije ukajirekebisha wewe ukiwa chini.

Spana19: Ringi chukua za inchi 19, tairi 275/40 (upana mm 275, ubavu asilimia 40 ya upana). Zile za 20 ni za picha tu, ubavu wa tairi ni mfupi, matuta ya Usa River yatazipinda.

Kijana_wa_Njiro: Mafuta?

Fundi_Tengeru: Petroli ya oktani 95 kwenda juu. Na mengi, mkuu!